Maji ya Tivoli hupandaje bila pampu?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni sista, mzaliwa wa Upareni, niko masomoni Roma. Mwezi uliopita tulipelekwa Tivoli, mji ulio karibu na Roma, kuona Villa d'Este, jumba la kale lenye bustani ya chemchemi. Aliyetutembeza alisema chemchemi zote za pale zinafanya kazi bila pampu hata moja, tangu enzi za kardinali aliyezijenga. Nimekulia kando ya mfereji na baba yangu alikuwa na zamu yake kwenye ndiva, lile bwawa dogo la kulazia maji ya mfereji, kwa hiyo najua maji hushuka. Lakini pale nimeyaona yakiruka juu kuliko paa la nyumba. Yanapandaje? Na kwa nini mtu mwenye fedha nyingi vile alijenga bustani kwenye korongo badala ya kutafuta tambarare? Nauliza pia kwa sababu shirika letu lina shamba la mteremko kule nyumbani, na kijito kinapita juu yake.

JIBU: Marahaba, Sista. Wengi wanaopita Villa d'Este hupiga picha na kuondoka bila kuuliza ulichouliza, kwa kuwa kwao maji ni kitu cha kufungulia koki tu. Wewe umewahi kumwona mzee akiamka kabla ya jogoo kwenda kufungua ndiva. Nusu ya jibu unayo tayari, na ndiyo maana nitaanzia kwenu Upareni.

Kumbuka mfereji mkuu ulivyochimbwa. Hauteremki moja kwa moja, unapita ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo mno, kiasi kwamba mgeni akiutazama anaweza kudhani maji yanapanda. Waliouchimba walijua kwamba kimo ni mali. Maji yakishushwa mapema, mashamba yote yaliyo juu ya hapo yamekosa. Kwa hiyo wakakitunza kile kimo kwa kilomita nzima, wakakileta hadi ndivani, wakakilaza usiku. Asubuhi ndiva inafunguliwa, na hapo ndipo kimo kinapotumika: maji yanaporomoka kuelekea migombani, yanasugua mawe, yanasugua udongo na majani, na yakifika chini hayana nguvu yoyote iliyobaki. Yanatambaa tu, nasi ndivyo tunavyotaka, kwa sababu maji yenye nguvu yangebeba udongo wa shamba.

Sasa chukua ndiva hiyohiyo, kimo kilekile, lakini badala ya kuyaachia maji yaporomoke wazi, yaingize kwenye bomba lililofungwa hadi chini na uweke kizibo mwishoni. Hayana pa kutawanyia nguvu yake. Yaliyo chini yanabeba uzito wa yote yaliyo juu yao. Kila mita 10 za kimo huongeza msukumo wa karibu bar 1. Ndiva ikiwa mita 20 juu ya kizibo, una bar 2 zinasubiri. Toboa tundu dogo, maji yatachomoka kwa kasi inayokaribia mita 20 kwa sekunde, na ukiyaelekeza juu yatapanda yakijaribu kurudi kwenye usawa wa ndiva yalikotoka.

Jibu la swali lako la kwanza ndilo hilo. Maji ya Tivoli hayapandi kuliko chanzo chake hata kidogo. Yanarudi juu kuelekea nyumbani kwake na kila mara yanaishia njiani, kwa sababu ya msuguano bombani na hewa inayoyapiga yakishatoka. Wewe ulikuwa umesimama chini ya usawa wa chanzo, ndiyo maana uliona yanapanda.

Unaweza kulijaribu hili hapo mnapoishi. Weka ndoo ya maji kwenye dirisha la ghorofani, tumbukiza mpira wa kumwagilia, uujaze maji mpaka hewa yote itoke, kisha teremsha mwisho wake hadi uani ukiwa umeuziba kwa kidole. Achia kidogo tu, uelekeze juu. Utaona maji yanaruka. Halafu toa kidole kabisa, uache mdomo wote wazi: yatakuwa mengi lakini yataruka chini zaidi, kwa sababu yakienda mengi kwa pamoja yanasugua mpira kwa nguvu na kupoteza msukumo humohumo ndani. Mafundi wa zamani walilijua hilo kwa mikono yao kabla ya mtu yeyote kuliandikia kanuni. Leo tunaweza kulipigia hesabu: ukiongeza kipenyo cha bomba mara mbili huku maji yakiwa kiasi kilekile, hasara ya msuguano inashuka hadi takribani sehemu moja ya 32. Kwa hiyo siri ya fundi wa chemchemi ni bomba pana njia nzima na mdomo mwembamba mwishoni.

Tuje kwenye korongo lenyewe.

Mwaka 1550 Kardinali Ippolito II d'Este alifanywa gavana wa Tivoli na Papa Yulio III. Alikuwa mtoto wa mtawala wa Ferrara na Lucrezia Borgia, mjukuu wa Papa Aleksanda VI, tajiri sana, na mtu aliyeutamani upapa mara kadhaa bila kuupata. Alipofika Tivoli alikuta makazi ya gavana ni nyumba ya zamani ya watawa, kando ya kanisa la Santa Maria Maggiore, ukingoni mwa mji. Nyuma ya nyumba ile ardhi ilikuwa inaporomoka kwenda bondeni. Mwingine angeomba nyumba nzuri zaidi. Yeye alikabidhi kazi kwa Pirro Ligorio, msanifu na mtafiti wa mambo ya kale, na ujenzi wenyewe ulipamba moto miaka ya 1560.

Mambo matatu yalilifanya korongo lile kuwa mahali bora kuliko tambarare yoyote. La kwanza ni mto Aniene. Tivoli iko kwenye ukingo ambapo mto huo unatoka milimani na kuanguka ghafla kuelekea tambarare ya Roma. Maana yake ni kwamba mjini penyewe mto uko juu, na bonde la bustani liko chini, karibu kabisa. Ligorio na wenzake walichimba handaki la mamia ya mita kupita chini ya nyumba za watu, likichukua maji mtoni na kuyaleta kwenye sehemu ya juu ya bustani. Handaki hilo ni mfereji wa kwenu uliofunikwa, mteremko kidogo sana, ili kimo kisipotee njiani. Maji mengine, yaliyo safi zaidi, yalitoka chemchemi ya asili iitwayo Rivellese na kujaza birika lililo chini ya ua wa jumba. Mfereji, ndiva, bomba: kazi iliyokuwa ngeni kwako pale ni hiyo ya tatu tu.

La pili ni historia ya mahali. Warumi wa kale walishazijenga nyumba zao za mapumziko kwenye vilima vile, kwa ajili ya hewa ya baridi na mandhari. Chini kidogo ya mji, kwenye tambarare, kuna magofu ya makazi makubwa ya Kaisari Hadrian wa karne ya 2, na Ligorio aliyachimbua magofu yale akitafuta maarifa, na sanamu pia, baadhi zikapelekwa kupamba bustani ya kardinali. Mabonde ya huko ndiko mifereji mikubwa kadhaa ya kulisha Roma ya kale ilikoanzia. Tivoli ilikuwa inaijua kazi ya maji kabla ya kardinali kuzaliwa.

La tatu ni macho. Miaka mia moja kabla yake, kwenye kilima cha Fiesole juu ya Florence, familia ya Medici ilijenga nyumba katika miaka ya 1450 kwa ajili ya Giovanni, mtoto wa Cosimo. Ilikaa mahali pa mwinuko mkali, pasipofaa kwa kilimo, na ilibidi zijengwe kuta nene za kushikilia udongo ili kupata ngazi mbili tatu za kukalia. Gharama ilikuwa kubwa na mavuno hakuna. Lakini kutoka pale unaliona jiji zima la Florence na bonde la mto Arno. Zama zilezile msanifu Leon Battista Alberti alikuwa anawashauri wenye uwezo wajenge mahali palipoinuka, panapoona mji, bahari au milima waliyoizoea. Tangu hapo mteremko ukaacha kuwa kasoro ya kiwanja, na kila tajiri wa Italia aliyetaka kujenga nje ya mji akaanza kutafuta kilima.

Nataka ukae kidogo na zile kuta za kushikilia udongo, Sista, kwa sababu watu huziangalia chemchemi na kuzisahau kuta. Mteremko unageuzwa kuwa ngazi kwa kukata udongo upande wa juu na kuujaza upande wa chini, na ukuta ndio unaouzuia usirudi ulikotoka. Adui wa ukuta huo ni maji yaliyojificha nyuma yake zaidi ya udongo wenyewe. Mvua ikinyesha, udongo unalowa, uzito unaongezeka, na maji yasipopata pa kutokea yanausukuma ukuta mpaka unatoa tumbo, kisha unaanguka. Kwa hiyo fundi mwenye akili anauegemeza ukuta kidogo kuelekea mlimani, anajaza kokoto nyuma yake, na anaacha matundu ya kutolea maji. Wakulima wa Italia kwenye mashamba ya zabibu na malimau walifanya jambo hilohilo bila saruji wala chokaa, kwa kupanga mawe makavu ambayo maji hupita katikati yake. Ufundi huo wa mawe makavu, wa Italia na nchi nyingine kadhaa, uliingizwa na UNESCO mwaka 2018 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Unastahili. Bila ukuta wa mawe hakuna bustani ya mteremko popote.

Sasa tushuke na maji, maana hapo ndipo uzuri wa Villa d'Este ulipo kwa jicho la mhandisi.

Tukijenga skimu ya mserereko kijijini, yaani ya maji yanayoshuka yenyewe bila pampu, tunaogopa bomba likishuka mno, kwa sababu msukumo unakuwa mkubwa hadi unapasua bomba. Dawa yake ni tenki la kupunguza msukumo: maji yanaingia kwenye tenki lililo wazi, yanatulia, yanaanza safari upya kama vile yametoka kwenye chanzo kipya. Mabwawa na mahodhi ya Villa d'Este yanafanya kazi hiyo. Maji yanafika kwanza kwenye chemchemi kubwa ya umbo la yai, Fontana dell'Ovato, ambako yanaanguka kwa pazia la nusu duara. Kutoka huko yanaingia kwenye ile njia ya Chemchemi Mia, urefu wake kama mita 100, yakipita kwenye ngazi tatu za mifereji na kutoka kwenye midomo karibu 300. Kila hodhi linakusanya yaliyoanguka, linayatuliza, na kuyapeleka kwenye hodhi la chini yake. Maji yaleyale yanaonekana tena na tena. Bustani ina chemchemi 51, na midomo na mirusho ya mamia, katika eneo la hekta nne na nusu tu. Mtu akiziona anadhani mto mzima unamwagwa pale, kumbe ni tone lilelile linalofanya kazi mara nyingi kabla ya kuachiwa.

Mpangilio ule una maana pia. Chemchemi ya yai upande mmoja inawakilisha Tivoli na maporomoko yake. Upande wa pili kuna Rometta, yaani Roma ndogo, yenye mfano wa majengo ya Roma na kisiwa cha mto Tiber kilichochongwa kama merikebu. Ile njia ya Chemchemi Mia katikati yake ni mito inayotoka milimani kwenda Roma. Kardinali alimfanya mgeni atembee safari ya maji kutoka Tivoli hadi Roma kwa dakika mbili.

Nenda sasa kwenye kinanda cha maji, maana kinastahili maelezo yake. Mafundi waliokijenga walitoka Ufaransa, Luc Leclerc na Claude Venard. Kinanda kinahitaji upepo, na upepo kwa kawaida hutoka kwenye mivukuto inayokanyagwa na mtu. Hapa waliangusha maji kwenye bomba la wima kwa namna ambayo yanavuta hewa na kushuka nayo, povu tupu. Povu linaingia kwenye chumba kilichofungwa. Maji yanatulia chini na kutokea upande mwingine, hewa inapanda juu na kubanwa, na njia yake pekee ya kutoka ni kupitia filimbi za kinanda. Wakati huohuo maji yanazungusha gurudumu, gurudumu linazungusha silinda yenye vijiti, na kila kijiti kinafungua filimbi yake kwa wakati wake. Muziki unapigwa bila mkono wa mtu. Mwandishi Mfaransa Michel de Montaigne alipita pale mwaka 1581 na akaandika alichokiona na kukisikia. Baadaye kinanda kiliharibika kikanyamaza kwa muda mrefu, mpaka kilipofufuliwa mwaka 2003. Kama siku yenu mlikisikia, mmepata bahati ambayo vizazi vingi vya wageni hawakuipata. Chemchemi ya Bundi iliyo karibu inatumia ujuzi wa namna hiyohiyo: ndege wa shaba wanalia kwa hewa iliyobanwa na maji, bundi anatokea, wananyamaza, akigeuka wanalia tena. Ujuzi huo ulitoka kwenye maandishi ya Hero, mhandisi wa kale wa Aleksandria, Misri, yaliyokuwa na umri wa miaka elfu moja na mia tano hivi wakati ule.

Hapa nina jambo la kukusahihisha kwa upole, au tuseme kumsahihisha aliyewatembeza. Kusema kila kitu ni cha tangu enzi za kardinali si kweli. Kanuni ni ileile na njia kuu za maji ni zilezile, lakini ile chemchemi kubwa kuliko zote, ya Neptune, inayonguruma chini ya kinanda na ambayo bila shaka ndiyo uliyoiona ikiruka juu ya usawa wa paa, ni ya mwaka 1927. Mahali pale katika karne ya 17 mchongaji Bernini alikuwa ametengeneza maporomoko. Yalipobomoka na kuachwa, msanifu Attilio Rossi akajenga hii tunayoiona, baada ya jumba na bustani kuwa mali ya serikali ya Italia kufuatia Vita Vikuu vya Kwanza. Hata miti mirefu ya saipresi haikuwapo. Mchoro wa Étienne Dupérac wa mwaka 1573 unaonyesha bustani iliyo wazi, yenye jua, vitalu vya mraba, vibanda vya mimea itambaayo na njia za kupotezana. Kivuli kizito kinachowafanya watu waseme bustani ile ina siri kilikuja baadaye.

Tena mliingia kwa mlango wa nyuma. Siku hizi tiketi inakatwa juu, mjini, mnapita jumbani na kuteremka. Mgeni wa kardinali alifika kutoka barabara ya Roma, akaingia kwa lango la chini kabisa, na mbele yake akaona bustani nzima imesimama wima kama ukuta wa maji na majani, jumba likiwa juu kileleni. Akaanza kupanda. Kila ngazi ilimfungulia kitu ambacho ngazi ya chini ilikificha, mpaka akafika juu akihema na kugeuka, na tambarare yote hadi Roma iko miguuni mwake. Septemba 1572 Papa Gregori XIII, yule wa kalenda tunayoitumia, alitembelea. Chemchemi ya Majoka iliyo katikati ya njia hiyo ya kupanda inahusishwa na ziara ile, kwa kuwa joka lilikuwa kwenye nembo ya familia ya papa. Kardinali alifariki Desemba mwaka huohuo, kazi haijakamilika.

Siwezi kuisifu bustani ile nikanyamaza kuhusu waliokuwa wakiishi korongoni. Lile bonde halikuwa pori. Kulikuwa na nyumba, mashamba madogo, njia za watu. Vilinunuliwa na kubomolewa, na wenyeji wa Tivoli walimpeleka kardinali mahakamani bila kufanikiwa kumzuia. Nikiwa natembea kwenye Chemchemi Mia, nilijikuta nafikiria nani alikuwa na banda la mbuzi pale. Sisemi hivi ili usiipende. Naipenda mno. Lakini wewe na mimi tumetoka kwenye milima ambako zamu ya maji ilikuwa ya ukoo na jirani, na aliyeiba zamu alijibu mbele ya wazee. Pale Tivoli mtu mmoja alipewa mto, na tofauti hiyo inaonekana kwenye kila kitu kilichojengwa.

Kuna gharama nyingine ambayo mgeni haioni, nayo ni usafi. Maji ya eneo lile yana chokaa nyingi. Jiwe la travertino lililojenga Kolosei lilichimbwa kwenye tambarare iliyo chini ya Tivoli, na travertino si kitu kingine ila chokaa iliyoachwa na maji ya namna hiyo kwa maelfu ya miaka. Maji yanayojenga jiwe bondeni yanajenga jiwe bombani pia. Mdomo wa chemchemi unabanwa kidogo kidogo kama sufuria ya kuchemshia maji inavyoota ukoko mweupe, na usipokwanguliwa unaziba. Mto nao unaleta tope, kama ndiva zenu zinavyojaa tope mpaka kijiji kizima kinaitwa na majembe. Karne ya 18 watunzaji walipokosa fedha, sanamu ziliuzwa, mabomba yakaziba, bustani ikawa magugu. Aliyeanza kuiinua tena ni Kardinali Gustav Adolf von Hohenlohe katikati ya karne ya 19, na Franz Liszt, mtunzi wa muziki, alikuwa mgeni wake wa mara kwa mara na alitunga muziki wa piano juu ya chemchemi zile. Mwaka 1944 mabomu yaliangukia jumba. Mwaka 2001 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Chemchemi isiyo na pampu haidai umeme. Inadai mtu mwenye brashi na patasi, kila mwaka, bila kukosa.

Nikushauri jambo moja kabla hujamaliza masomo. Tafuta siku uende Bagnaia, karibu na Viterbo, uone Villa Lante. Montaigne aliipenda kwa sababu maji yake ni ya chemchemi hai, kitu ambacho kwa maoni yake Tivoli, inayotegemea zaidi mto, haikuwa nacho. Nami nakubaliana naye. Kardinali Gianfrancesco Gambara aliianza miaka ya 1560, na mchoro wake huhesabiwa kuwa wa msanifu Vignola. Ni ndogo, haipigi kelele. Maji yanazaliwa juu, msituni, kwenye pango. Yanashuka kwenye mfereji wa mawe uliochongwa kama mnyororo, na kichwani pake kuna sanamu ya kamba wa mtoni, kwa kuwa jina Gambara linafanana na jina la Kiitaliano la mnyama huyo. Kisha yanapita katikati ya meza ndefu ya mawe, ndani ya mtaro uliochongwa humo mezani, na wageni waliokula pale walipoza divai yao majini. Chini kabisa yanafika kwenye hodhi za mraba na kutulia kimya kama kioo. Na nyumba? Zimejengwa mbili ndogo, moja kila upande, ili katikati pabaki pa maji. Kwenye bustani zote za vilima nilizoziona Italia, hakuna nyingine ambayo mwenye mali alikubali kusogea pembeni namna ile. Keti karibu na ile meza nusu saa. Utaelewa zaidi kuliko nilivyoandika hapa.

Kuhusu shamba la shirika. Inawezekana, na haihitaji fedha za kardinali. Usianze na chemchemi ya kurusha maji, anza na tenki na bomba, mabaki ndiyo yatakuwa ya kupendeza macho. Jengeni banio dogo kijitoni lenye chujio, na kando yake shimo la kutulizia tope, mnaloweza kulisafisha bila kufunga maji. Bomba lisipande wala kushuka kiholela njiani. Kwenye mradi mmoja wa kijiji niliousimamia nikiwa bado kijana tulipitisha bomba juu ya tuta bila kuweka valvu ya kutolea hewa. Hewa ikakwama pale juu, na maji hayakufika kwa siku nne huku akina mama wakisubiri na ndoo. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo sichori bomba bila kutembea njia yake yote kwa miguu.

Kabla ya kununua chochote nahitaji vipimo viwili kutoka kwenu. Kipimo cha kwanza ni kimo kutoka kijitoni hadi mahali mnapotaka maji. Fundi mwashi yeyote ana mpira ule mwembamba unaoonyesha maji ndani, anaousawazishia ukuta. Ashuke nao mteremko hatua kwa hatua na fito mbili, akijumlisha kila tofauti, mtapata kimo sahihi kuliko simu itakavyowaambia. Kipimo cha pili ni wingi wa maji: mwezi wa kiangazi kikali, si wa masika, elekezeni kijito chote kwenye ndoo ya lita 20 na mhesabu sekunde inazochukua kujaa. Rudieni mara tano, mniandikie zote tano. Semeni pia ni nani wengine wanaotumia kijito hicho chini yenu na zamu zao ni zipi, kwa sababu hilo litaamua ukubwa wa bomba kabla ya hesabu yangu yoyote.